Ukuta Haujui Wingi wa Maji

Wahenga wametuachia kauli fupi: wengi wape. Ni kauli ya busara, na aliyeitamka mwanzo aliijua vyema tabia ya binadamu, kwani wengi wasipopewa hujitwalia wenyewe. Lakini tukiichunguza kwa makini tutaona kwamba kauli hiyo haisemi kuwa wengi wana haki. Inasema tu kuwa wengi wana nguvu. Juu ya wachache imenyamaza kimya. Je, kijiji kimoja kilichodhulumiwa katika nchi ya mamilioni, au mtu mmoja mwenye dai la kweli mbele ya dola nzima, dai lake lina uzito gani? Aghalabu tunalijibu swali hili kwa kuhesabu vichwa, na tukishahesabu hujiona tumeshapima. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kuhesabu na kupima ni mambo mawili mbalimbali, na shahidi wetu wa kwanza hatakuwa mwanafalsafa wala mwanasheria, bali maji.

Hebu tuanze na fumbo. Fundi amejenga matangi mawili ya saruji yenye kina kimoja cha mita 2. La kwanza ni pana mfano wa kiwanja cha mpira. La pili ni jembamba, upana wake hauzidi hatua moja. Yote mawili yamejaa pomoni. Je, katika kila mita ya urefu wa ukuta, ni tangi lipi ambalo ukuta wake unasukumwa zaidi? Mwulize umtakaye, na pengine atakujibu bila kusita kuwa ni lile pana, kwa sababu nyuma ya ukuta wake kuna maji mengi. Jibu hilo linaingia akilini upesi, nalo si sahihi. Kuta zote mbili zinasukumwa sawasawa. Ukuta haujui wingi wa maji yaliyo nyuma yake; unajua kina chake tu.

Kiswahili kimelipa jambo hili jina zuri: kanieneo, yaani kani juu ya eneo. Uzuri wa neno hilo ni kwamba limebeba maana yake mwilini mwake. Haliulizi kuna maji kiasi gani kwa jumla. Linauliza kila kipande kidogo cha ukuta kinabeba nini. Na kila kipande hubeba kulingana na kimo cha maji kutoka pale kilipo hadi usoni. Kwa kila mita moja ya kina, kanieneo huongezeka kwa kiasi cha uzito wa tani moja juu ya kila mita ya mraba. Juu kabisa, penye uso wa maji, ukuta haubebi kitu. Chini kabisa ndiko unakoelemewa. Kwa hiyo maji ya kina cha mita 1 husukuma kila mita ya urefu wa ukuta kwa kani iliyo sawa na uzito wa nusu tani. Ya mita 2, tani mbili. Ya mita 4, tani nane. Kina kikizidi mara mbili, msukumo wote huzidi mara nne, na uwezo wake wa kuupindua ukuta kutoka kwenye msingi huzidi mara nane. Upana wa maji, hata ukizidishwa mara elfu, hauongezi hata ratili moja.

Msomaji wa kisiwani anao mfano wa jambo hili mlangoni pake. Ukuta wa pwani ya Mizingani, tukiyaacha mawimbi na dhoruba, haubebi Bahari ya Hindi. Unabeba kina cha maji yanayougusa, basi. Lau bahari ingekomea hatua tatu kutoka ukutani, na ng'ambo ya hapo kukawa ni nchi kavu mpaka Bara Hindi, ukuta usingepata nafuu yoyote. Ndiyo maana ile hadithi iliyoandikwa na Mmarekani Mary Mapes Dodge mwaka 1865, ya mtoto wa Kiholanzi aliyeziba tundu la boma la bahari kwa kidole, si ya kuchekwa sana. Tundu la sentimita moja ya mraba, lililo mita moja chini ya uso wa maji, husukumwa kwa kani ya kama uzito wa gramu 100. Kidole cha mtoto hakikuwa kikishindana na bahari. Kilikuwa kikishindana na mita moja.

Si ajabu kwamba jambo hili liliwasumbua wenye akili kwa muda mrefu. Simon Stevin wa nchi ya Flanders alilieleza kwa hesabu mwaka 1586, na Mfaransa Blaise Pascal akalifafanua katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1663, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Inasimuliwa kwamba Pascal alipasua pipa zima kwa maji machache yaliyomiminwa katika mrija mrefu mwembamba. Iwe alifanya hivyo kweli au haikuwa hivyo, hesabu yake tunaweza kuifanya wenyewe kwa chombo tunachokijua.

Tuchukue dumu la lita 20, la yale yanayopangwa kwenye foleni za maji. Tulijaze, kisha mdomoni mwake tukaze mrija mwembamba wenye tundu la sentimita moja ya mraba, uliosimama kwenda juu mita 10. Kuujaza mrija huo kunahitaji lita moja tu ya maji. Lakini lita hiyo moja, ikisimama juu ya dumu kwa kimo cha mita 10, inazidisha kilo moja ya msukumo juu ya kila sentimita ya mraba ya dumu zima, ndani, pande zote. Sehemu ya ubavu iliyo sawa na kiganja, tuseme sentimita za mraba 100, itasukumwa kwa uzito wa kilo 100. Ubavu mzima wa sentimita 30 kwa 40 utasukumwa kwa zaidi ya tani moja. Dumu la kawaida litapasuka kabla mrija haujajaa.

Sasa tuliweke dumu hilo juu ya mizani muda mfupi kabla ya kupasuka. Mizani itasoma nini? Itasoma kilo zisizofika 21, pamoja na uzito wa dumu na mrija. Mizani haidanganyi. Maji yanalisukuma tako la dumu kwenda chini na mabega yake kwenda juu, nayo mizani husoma tofauti tu ya misukumo hiyo miwili. Kwa hiyo mizani na ukuta vinatoa ushahidi wa aina mbili, na kila mmoja ni wa kweli kwa swali lake. Mizani imeulizwa: ni maji kiasi gani? Ukuta umeulizwa: unabeba nini? Kosa huanza pale mwenye chombo anapolichukua jibu la mizani akalifanya jibu la ukuta.

Kuna jambo jingine la kuzingatia hapo. Tako la dumu linasukumwa kwa kani iliyo kubwa mara nyingi kuliko uzito wa maji yote yaliyomo. Kani hiyo ya ziada imetoka wapi? Imetoka kwenye mabega. Maji yanapanda, mabega yanayarudisha chini, na lile lirudishwalo linakwenda kuelemea tako. Chombo kingekuwa na kuta zilizosimama wima hadi juu, bila mabega, tako lisingebeba zaidi ya uzito wa maji yaliyo juu yake. Kinachozidi, basi, si mali ya maji. Ni mali ya chombo kilichoyabana.

Baada ya utangulizi huu tupande bara, hadi kwenye miteremko ya Meru. Mlima huu una kimo cha mita 4,566, na jiji la Arusha limekaa chini yake kwenye kimo cha kama mita 1,400, likipitiwa na mito ya Themi na Naura. Wameru na Waarusha wameishi kwa mifereji tangu zamani, wakiyaongoza maji ya mlima hadi migombani kwa zamu zilizosimamiwa na wazee. Mfereji ulio wazi hauna fumbo: maji hukimbia, hayalundiki. Fumbo huja na bomba. Bomba linaloshuka mita 200 kwa kimo, liwe pana kama pipa au jembamba kama kidole, likifungwa chini hubeba kanieneo ile ile: kilo 20 kwa kila sentimita ya mraba. Na si wakati wa heka heka, watu wakiteka maji asubuhi, ndipo bomba huelemewa zaidi. Ni usiku, bilula zote zimefungwa na maji yametulia. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa, na mafundi wa maji wanaweza kuwatolea ushahidi.

Katika miteremko hiyo hiyo lilitokea jambo ambalo linaweza kutufundisha maana ya kina katika mambo ya watu. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza, iliyoitawala Tanganyika kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa, iliamua kuwahamisha Wameru kutoka Engare Nanyuki, kaskazini mashariki mwa mlima, ili nchi hiyo wapewe Wazungu wafugaji. Hoja yake ilikuwa ya mizani. Waliohamishwa walikuwa kama watu 3,000; nchi ilikuwa na mamilioni; na ilidaiwa kwamba ufugaji wa kisasa wa ng'ombe wa maziwa na nyama ungeifaidi nchi nzima. Waliahidiwa fidia, na wakaonyeshwa ardhi ya Kingori. Kwa hesabu ya vichwa, jambo lilikuwa limekwisha. Novemba 1951 watu walitolewa, nyumba zikachomwa moto.

Lakini dai la Wameru halikuanza mwaka 1951. Mwaka 1896 wamisionari wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa mlimani, na Wajerumani wakalipiza kisasi kwa vita vilivyoiharibu nchi. Katika miaka iliyofuata mashamba ya walowezi yaliuzunguka mlima kama mshipi, ukawatenga Wameru na malisho ya tambarare. Watoto walizaliwa, mlima haukupanuka. Hii ndiyo nguzo ya maji iliyokuwa imesimama juu ya Engare Nanyuki: miaka 55 ya kimo, nayo imebanwa na mabega ya chombo. Mizani ilisoma watu 3,000. Ukuta ulikuwa ukibeba kitu kingine.

Wameru waliikataa fidia, wakamchagua Kirilo Japhet awe msemaji wao. Mwaka 1952 yeye na Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda, walilifikisha shauri hilo Umoja wa Mataifa, New York, na Kirilo akawa Mtanganyika wa kwanza kusimama mbele ya chombo hicho kuwatetea watu wake. Hawakushinda kwa kura: azimio la kuwaunga mkono lilipita katika kamati, lakini katika Baraza Kuu halikupata theluthi mbili zilizotakiwa. Hapo tena wingi ulihesabiwa, na hesabu ikawa dhidi yao. Hata hivyo Kirilo alirudi akazunguka Tanganyika akilisimulia shauri hilo, na TANU ilipoundwa Julai 1954 watu wengi walikwishajua kutokana na Meru kwamba udhamini wa Mwingereza ungeweza kuhojiwa. Kijiji kimoja cha mlimani kilikuwa kimeusukuma ukuta wa dola kwa kanieneo ambayo hakuna hesabu ya watu ingeitabiri.

Sasa tuulize: kina cha dai ni kitu gani? Kwa maoni yangu kina vipimo viwili. Cha kwanza ni jinsi dai linavyogusa msingi wa maisha: ardhi alimozikwa babu, maji ya kunywa, heshima ya mtu mbele ya wanawe. Cha pili ni muda ambao dai limelundikana bila kupata mahali pa kuonana na hewa. Maji hupimwa kina chake kutoka kwenye uso ulio wazi. Dai nalo hupimwa kutoka siku ya mwisho liliposikilizwa kwa haki. Ndiyo maana jambo linaloonekana dogo huweza kuvunja ukuta uliostahimili makubwa: halikuwa dogo, bali uso wake ulikuwa mbali sana juu, hata aliyesimama chini hakuuona.

Msomaji mwangalifu anaweza kuleta pingamizi. Atasema: kama dai la mmoja lina uzito sawa na la elfu, basi mtu yeyote anaweza kuzuia barabara, hospitali au chanzo cha maji kwa ajili ya mji mzima. Hilo si ninalolisema. Kanieneo ya mrija na ya ziwa huwa sawa kwa ukuta uliosimama. Lakini kuta zikibomoka, mrija humwagika mara moja ukakauka, ilhali ziwa hugharikisha bonde zima. Wingi, basi, una nafasi yake: ndio unaotuambia maafa yatakuwa makubwa kiasi gani. Serikali inayopanga kwa ajili ya mamilioni haina budi kuujali. Ninalolikana ni kuufanya wingi kuwa kipimo cha jibu linalomstahili mwenye dai. Mchache anaweza kushindwa katika shauri lake. Lakini ana haki ya kujibiwa kwa sababu zenye kina sawa na dai lake, wala si kwa kuonyeshwa tu safu ya waliomzidi kwa idadi. Kumwambia mtu "ninyi ni wachache" si kumjibu. Ni kumsomea mizani yeye aliyeulizia ukuta.

Fundi mzoefu naye ana pingamizi lake, tena la haki. Atasema kwamba tangi pana la duara huhitaji nondo nyingi kuliko tangi jembamba la duara, hata kina kikiwa kimoja. Wawezaje kusema upana hauna maana? Ni kweli asemavyo. Lakini maji hayakuongeza nguvu. Kilichobadilika ni ukuta. Katika duara dogo ukuta umejikunja sana, na kila sehemu inashikwa kwa karibu na jirani zake. Katika duara kubwa ukuta umenyooka, na mvutano wa kuupasua umezidi kadiri nusukipenyo kilivyozidi. Mafunzo yake kwa jamii ni mazito. Dola ikipanuka bila kuongeza vifungo vinavyowashikamanisha watu wake, dai lile lile ililolimudu ilipokuwa ndogo litaipasua, na wenyewe watasema maji yameongezeka.

Basi tufanyeje? Jibu la haraka la mwenye ukuta ni kuunenepesha. Mafundi wa mabomba ya milimani wanajua njia iliyo bora zaidi. Bomba refu la mteremkoni hawaliachi lishuke moja kwa moja mpaka chini. Kila baada ya kimo fulani hujenga kitangi kidogo kilicho wazi, maji yaingie, yaguse hewa, kisha yaendelee na safari. Kila yanapogusa hewa kanieneo huanza tena sifuri. Hakuna tone lililozuiwa, na bomba la chini halihitaji chuma kinene. Ukuta wa kuzuia udongo kwenye miinuko nao huachiwa vijitundu kwa chini, kwani fundi anajua kwamba maji ya mvua yakisimama nyuma yake, hata upana wao ukiwa wa kiganja tu, yatausukuma kama ziwa. Ukuta unaovuja kidogo kwa makusudi ndio unaosimama.

Baraza la wazee wa mfereji, mahakama ya mwanzo, gazeti, mkutano wa kijiji: hivi ndivyo vitangi vya jamii. Lakini viwe vya kweli. Kitangi kisicho na bomba la kutokea hujaa kikafurika, na kusikiliza kusikokuwa na matokeo ni kitangi cha aina hiyo. Jiji la Arusha lenyewe limebeba kimoja kikubwa. Tangu mwaka 2007 ndiko iliko Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambako mtu mmoja aliweza kusimama dhidi ya dola, iwapo dola hiyo imetoa tamko la kumruhusu. Tanzania ilitoa tamko hilo mwaka 2010, na mwaka 2013 Mchungaji Christopher Mtikila, akishtaki kwa jina lake mwenyewe, alipata hukumu iliyosema kwamba kumkataza raia kugombea uongozi bila kupitia chama ni kukiuka haki zake. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lake. Jengo limebaki, majaji wamebaki. Mrija wa Mtanzania mmoja mmoja umefungwa. Waliofanya hivyo walikuwa na sababu zao, na hapa si mahali pa kuwahukumu. Lakini swali la fundi linabaki palepale: kitangi kikifungwa, maji hayarudi mlimani. Kimo chake sasa kitahesabiwa kutoka wapi?

Wahenga hao hao waliosema wengi wape walisema pia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Tukiyatia maarifa ya maji ndani ya methali hiyo, tutajua pia pa kuutafuta ufa. Hauanzii juu, penye uso unaong'aa na upana unaotisha macho, ambako ukuta haubebi kitu. Huanzia chini, gizani, mahali ambapo maji yametulia kabisa na hapana anayepiga kelele. Mwenye kutaka kujua ukuta wake unabeba nini ashuke mpaka huko, atazame juu, na apime jinsi uso ulivyo mbali.